Nikiongeza maji kwenye spiriti, mstari wake unahama. Mashine mbovu au vimiminika ndivyo vilivyo?

#1 Mwl wa Shangani

Wakuu, habari za usiku. Kuna jambo linaninyima raha wiki ya pili sasa, na hapa Mtwara sina wa kubishana naye zaidi ya mke wangu, ambaye ameshasema nikimtajia tena neno spektra anahamia kwa dada yake Mikindani.

Nafundisha kemia sekondari. Mwaka jana nilipata spektromita kuukuu (kifaa cha kutenganisha mwanga rangi kwa rangi), nikaifunga kwenye ubao wa mninga pamoja na leza ya kijani ya nanomita 532, lenzi ya hadubini na kichujio cha kuzuia kijani kisiingie kwenye kamera. Kazi yake ni kupima mtawanyiko wa Raman. Kwa wasioujua: leza ikipiga kimiminika, mwanga unaotawanyika karibu wote unatoka na kijani kilekile ulichoingia nacho. Fotoni (punje ya mwanga) moja katika kila milioni 10 hivi ndiyo inayoacha sehemu ya nishati yake kwenye molekuli. Molekuli inabaki ikitetemeka, fotoni inatoka imepungukiwa, rangi imeteremka kuelekea njano au nyekundu. Ukijua imeteremka kiasi gani, umejua molekuli inatetemeka kwa kasi gani. Namba nitakazotaja ni mawimbi kwa sentimita. Namba kubwa, mtetemo wa haraka. Mchoro wa mwanga wote huo ndio spektra, na kila mtetemo unaonekana humo kama kilele, ndicho tunachokiita mstari.

Ethanoli safi, ndiyo hiyo spiriti, ina mstari mkali kwenye 884. Huo ni uti wa molekuli, kaboni mbili na oksijeni, unavutika na kurudi kwa pamoja. Kwenye mashine yangu unatokea karibu na nanomita 558. Vizuri. Nikaanza kuongeza maji kidogo kidogo, na kila nikiongeza mstari unateremka: 882, 880, hadi kwenye mchanganyiko wenye maji mengi ukasimama karibu na 877.

Vijana wangu nimewafundisha kwamba mstari wa molekuli ni kama namba ya gari, ukiiona popote unajua gari la nani. Sasa gari likipita kwenye maji linabadilisha namba! Nimewadanganya watoto wa watu, au mashine imechoka?

#2 Fundi Ng'apa

Mashine. Hizo leza za kijani za bei chee zinahama zenyewe zikipata joto, na Mtwara saa nane mchana tunaijua. Piga hesabu: tofauti ya 7 pale kwenye 558 ni nanomita 0.2 tu. Ubao wako wa mninga ukitanuka kidogo umekwisha.

#3 Mkorosho Dume

Mwalimu, hiyo spiriti unayoiongeza maji kidogo kidogo inaishia kwenye spektromita kweli? 😂

#4 Mwl wa Shangani

Mkorosho, ningekuwa naionja kusingekuwa na uzi huu.

Fundi, wasiwasi wangu ndio huohuo. Nitahakikishaje?

#5 Fundi Ng'apa

Kanunue parasetamoli duka la dawa, vidonge vya kawaida vyeupe. Parasetamoli inatumika duniani kote kurekebishia mashine za Raman, maana mistari yake inajulikana vizuri, mmoja uko 858, jirani kabisa na huo wako. Pima kidonge, pima chupa, pima kidonge tena. Kidonge kikihama na chupa, tatizo ni leza. Na vaa miwani, hiyo leza inatoboa jicho kabla hujapepesa.

#6 Binti Msimbati

Fundi ushauri wake ni mzuri, ila kuna njia ya kumaliza ubishi bila hata kidonge. Mwalimu, angalia mistari ya kaboni na haidrojeni ya ethanoli ileile, iko juu huko kati ya 2870 na 2980. Uniambie nayo imehamia wapi ulipoongeza maji. Imeshuka?

#7 Mwl wa Shangani

Wakuu nimerudi. Kidonge: 858 kabla, 858 baada, sijaona kikitikisika hata wimbi 1. Nimepima saa kumi na moja alfajiri kukiwa na ubaridi na nikarudia adhuhuri.

Sasa dada Msimbati, sijui umejuaje. Ule wa 884 umeshuka kama kawaida. Ile ya juu IMEPANDA. Mkubwa wa 2930 umesogea juu mawimbi kadhaa. Chupa moja, leza moja, dakika zilezile.

#8 Fundi Ng'apa

Nimenyoosha mikono. Leza ikihama, mistari yote inasogea upande mmoja. Haiwezi kumshusha huyu ikampandisha yule.

#9 Binti Msimbati

Haya, sasa tuongee. Samahani nitakuwa mrefu, umeme umerudi na watoto wamelala.

Mwalimu hukuwadanganya sana. Mfano wa namba ya gari unafaa kwa gesi nyepesi, ambapo molekuli iko peke yake kama mtu aliye katikati ya bahari. Kwenye kimiminika kila molekuli imebanwa na majirani kumi au zaidi, na majirani hao wana mikono. Mimi ningewaambia vijana kwamba mstari ni lafudhi. Mmakonde akikaa Tanga miaka 20 bado utamjua ni Mmakonde, lakini utasikia pia amekaa na nani.

Kwenye ethanoli mambo ni haya. Oksijeni yake ina jozi mbili za elektroni zisizo na kazi ya kufunga bondi (kifungo cha atomi na atomi). Maji yanapokuja, haidrojeni ya maji inazing'ang'ania hizo jozi: ndiyo bondi ya haidrojeni. Oksijeni ikishavutwa hivyo, bondi yake na kaboni inalegea kidogo, uti unatetemeka taratibu zaidi, 884 inateremka. Lakini jozi hizohizo, kabla maji hayajaja, zilikuwa zinamwaga sehemu ya elektroni zao kwenye bondi za jirani za kaboni na haidrojeni na kuzidhoofisha. Maji yakizishika, kumwaga kunapungua, bondi zile zinapata nguvu, mistari ya 2900 na kitu inapanda. Jirani mmoja, matokeo mawili. Ndiyo maana nilikuuliza.

Na si kwamba bondi ya haidrojeni daima inashusha. Pale molekuli inapotoa haidrojeni yake, bondi yake ya oksijeni na haidrojeni hushuka vibaya mno. Maji yakiwa mvuke, molekuli moja moja, mitetemo yake miwili ya kuvutika iko 3657 na 3756, mistari myembamba. Yageuze kimiminika: unapata mlima mmoja mnene unaoanza 3000 na kitu hadi 3700, wenye nundu karibu na 3200 na nyingine karibu na 3400. Umeshuka mawimbi 300 na zaidi kwa sababu tu ya majirani. Ukilinganisha na huo, 7 zako za ethanoli ni chenji.

Kuna nguvu nyingine ya kinyume, ya kusukumana. Ukibana kimiminika kwa shinikizo kubwa sana majirani wanaanza kukanyagana, na bondi iliyobanwa hutetemeka haraka. Kila mstari kwenye kimiminika ni matokeo ya mvutano huo wa wavutaji na wasukumaji.

#10 Kijana wa Chuno

Dada, swali la mwanafunzi. Kwa nini maji ni mlima na benzini ni sindano? Kitabuni benzini iko 992, nyembamba kabisa.

#11 Binti Msimbati

Swali zuri kuliko la mwalimu wako (mwalimu usinune).

Upana una sababu mbili zinazochanganyikana. Ya kwanza: molekuli hazikai mahali pamoja. Moja imeshikwa na majirani wanne kwa nguvu, nyingine bondi imepinda, nyingine imeachiwa kwa sasa. Kila moja ina mstari wake, na spektromita inakuonyesha zote kwa mkupuo. Ukisikiliza soko zima husikii sauti ya mtu, unasikia mvumo. Benzini haina cha kung'ang'aniwa, majirani wake wanamgusa kwa upole na karibu sawasawa, kwa hiyo sindano.

Ya pili ni muda. Mtetemo unaanza vizuri, kisha jirani anakugonga, unapoteza mdundo. Ukipoteza mdundo mapema, mstari unapanuka. Kuna hesabu nyepesi: molekuli ikishika mdundo kwa pikosekunde 1, yaani sekunde moja ikigawanywa mara trilioni, upana unakuwa kama 10.6. Mwalimu, mtetemo wa 884 ndani ya pikosekunde 1 unapiga mapigo 26 hivi. Mapigo 26 halafu kikumbo. Hapo unaona spektra ya kimiminika kumbe ni saa inayopima mambo ambayo hakuna saa ya mkononi ya kuyapima.

#12 Mwl wa Shangani

Sijanuna. Nimechemsha maji.

Nimepima yakiwa nyuzi 25 na yakiwa karibu 80. Maji yanachekesha: unayapiga kijani, yanarudisha wekundu, maana 3400 inaangukia nanomita 649 na ushee. Nimeacha kamera wazi dakika 2 kwa kila kipimo. Yakipata moto, nundu ya 3200 inapungua na ile ya 3400 inakua na kusogea juu kidogo. Na nikizibandika spektra zote kwenye karatasi moja, zinakatana karibu na sehemu moja, 3400 na kitu. Hii maana yake maji ni ya aina mbili, si ndiyo? Yaliyofungwa na yaliyo huru, moja inageuka nyingine.

#13 Fundi Ng'apa

Hapo umepatia. Kukatana pamoja ndiyo dalili ya vitu viwili vinavyogeuzana. Nilisoma hivyo chuoni.

#14 Binti Msimbati

Na wengi walisoma hivyo, Fundi. George Walrafen alipima maji kwa Raman miaka ya 1960 na akaeleza mlima huo kwa njia hiyohiyo ya makundi mawili, na watu wakubwa wakakubali. Lakini mwaka 2005 Phillip Geissler alionyesha kwa hesabu kwamba kundi moja tu, lenye hali nyingi zinazopishana kidogo kidogo bila mpaka katikati, linaweza nalo kutoa spektra zinazokatana sehemu moja joto likibadilika. Kwa hiyo kukatana peke yake hakuthibitishi aina mbili. Ubishi wa mfano gani unafaa haujaisha, ila hoja yako pekee haibebi.

Halafu tahadhari nyingine kuhusu 3200. Usidhani nundu hiyo yote ni "maji yaliyofungwa". Molekuli za maji jirani zina mitetemo ya kasi moja, kwa hiyo zinaambukizana, zinatetemeka kwa kundi. Juu ya hapo mtetemo wa kujikunja wa maji uko karibu 1640, mara mbili yake ni 3280, unajichomeka humohumo. Ukitaka kuwatenganisha unachukua maji mazito, yenye deuteri (haidrojeni nzito), unatia maji ya kawaida kidogo sana. Sasa kila bondi ya oksijeni na haidrojeni imezungukwa na wageni wasiotetemeka kwa kasi yake. Nundu mbili zinakuwa moja karibu na 3400. Bado pana, maana hali za majirani bado ni nyingi, lakini ile 3200 ya kikundi imeondoka.

#15 Mkorosho Dume

Mimi naomba niulize la maana. Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, unakuja. Hii mashine inaweza kutuambia kama nipa, ile pombe kali inayopikwa kwa mabibo, ina methanoli? Watu wanapofuka huku.

#16 Mwl wa Shangani

Mkorosho, safari hii sikutanii. Methanoli na ethanoli Raman inazitofautisha waziwazi: mstari mkubwa wa methanoli uko karibu 1034, wa ethanoli 884. Na matunda yana pektini, ambayo huachia methanoli, kwa hiyo swali lako lina msingi. Lakini methanoli ikiwa kidogo, mstari wake unazama kwenye ule wa ethanoli wa 1050 uliopo jirani, na wote wanahama kutegemea maji ni kiasi gani. Juu ya hapo vinywaji vya kienyeji vina uchafu unaong'aa chini ya leza ya kijani na kufunika kila kitu. Mashine ya mezani kwangu isimwambie mtu kwamba chupa ni salama. Siwezi kubeba hilo.

Niliwahi kujaribu mafuta ya ganda la korosho. Kamera ilijaa ndani ya sekunde moja, mng'ao mtupu, hakuna mstari hata mmoja. Wanaopima vitu vya namna hiyo wanatumia leza nyekundu ya 785 au ya mbali zaidi, ambayo haiamshi mng'ao kirahisi.

#17 Mkorosho Dume

Sawa mwalimu. Nimekuelewa. Uraka basi, ile pombe ya mabibo isiyopikwa 😅

#18 Mzee wa Chumvi

Nawasoma tangu mwanzo. Mimi nina mashamba ya chumvi huku Kilwa, sikusoma kemia, ila maji nayajua. Kuna mambo mawili. Kwanza, chumvi ikiyeyuka mashine yenu inaionaje? Pili, yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishavunwa, yale mazito yanayoteleza mkononi, yana nini?

#19 Binti Msimbati

Shikamoo babu. Hapo umegusa penyewe.

Chumvi ya kawaida ikiyeyuka inakuwa ayoni (chembe zenye chaji) za sodiamu na kloridi, kila moja peke yake. Kitu kimoja kisicho na mwenzake hakina bondi ya kutetemesha, kwa hiyo chumvi yenyewe haina mstari. Utaiona kupitia majirani: maji yaliyoishika kloridi yanabadilika, nundu ya 3200 inapungua na upande wa juu ya 3400 unanenepa. Unamtambua mgeni kwa jinsi wenyeji wanavyokaa.

Maji machungu ni kitu kingine. Maji ya bahari yana salfeti, kama gramu 2.7 kwa kila kilo. Yakikauka, jasi inatangulia kuganda na kuchukua sehemu, kisha chumvi, na kinachobaki ni magnesiamu nyingi na salfeti iliyosalia. Salfeti ni ayoni yenye bondi ndani yake, salfa na oksijeni nne, nayo ina mstari mzuri kwenye 981. Ikizungukwa na maji matupu iko hapo. Magnesiamu ikifanikiwa kusukuma maji yaliyo katikati na kuigusa salfeti moja kwa moja, mstari wa hiyo salfeti unapanda hadi kama 993. Wengi hawagusani, wamewekewa molekuli ya maji katikati, na hao wanabaki karibu na 981 ileile. Kwa hiyo unaona kilele na bega pembeni, na ukubwa wa bega unakuambia ni wangapi wameshikana ana kwa ana.

Kwa babu ambaye bahari ndiyo shamba lake: bluu ya maji ya kina ni ndugu wa mambo haya. Chandrasekhara Venkata Raman alikuwa melini mwaka 1921 akirudi Uhindi, akakataa kwamba bahari ni bluu kwa kuakisi anga tu. Kutoka hapo akaanza kuchunguza mwanga unavyotawanywa na vimiminika, na tarehe 28 Februari 1928, huko Calcutta, akiwa na K. S. Krishnan, akaupata mtawanyiko huu. Walianza na mwanga wa jua, vichujio na macho yao. Mwaka 1930 akapewa Nobeli. Ila rangi ya bahari ina sababu nyingine kubwa zaidi ambayo ni bondi hizihizi: mtetemo wa oksijeni na haidrojeni, ukizidishwa mara kadhaa, unafika kwenye mwanga mwekundu na kuumeza. Kinachobaki ni bluu. Maji mazito, ambayo mitetemo yake ni ya taratibu, hayana rangi hiyo.

#20 Mzee wa Chumvi

Marahaba mwanangu. Nitamtumia mwalimu chupa mbili kwa basi la Ijumaa. Moja ya bahari, moja ya maji machungu.

#21 Kijana wa Chuno

Nikisubiri chupa za mzee: nimeng'oa karatasi ya polaroidi, ile inayopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, kwenye kikokotoo kilichokufa. Inafaa kitu hapa?

#22 Binti Msimbati

Inafaa sana. Chukua asetoni, ile ya kutoa rangi ya kucha, lakini safi isiyo na manukato. Mstari wa kaboni na oksijeni uko karibu 1710. Pima mara mbili, polaroidi ikilala sawa na upande ambao mwanga wa leza unatetemeka, kisha ikiwa imekingama. Toa theluthi nne (4/3) ya spektra ya pili kutoka ya kwanza. Kinachobaki hakijui molekuli imegeukia wapi. Kiweke sambamba na ya pili.

Utakuta vilele havilingani, vinapishana kama 5. Watu wapya hudhani wamekosea. Asetoni ina ncha chanya na ncha hasi zenye nguvu, kwa hiyo majirani wanajipanga mmoja kichwa mwingine miguu, na mitetemo yao inashikana kama wachezaji wa sindimba waliokaribiana: huwezi kumtikisa mmoja bila mwenzake kujibu. Mitetemo ya kikundi inayotoa mwanga ulionyooka si ileile inayotoa uliokingama. Ukiitawanya asetoni kwenye kimiminika kisicho na ncha, tofauti inapungua hadi kupotea, kwa kuwa wachezaji wametenganishwa. Maabara nyingi walitumia tetrakloridi ya kaboni. Wewe usiitafute, ni sumu ya ini. Heksani inatosha.

Na ukiitia asetoni kwenye maji utaona mstari umeshuka chini ya 1700. Maji tena.

#23 Kijana wa Chuno

Imetoka 4 na nusu!! Nimerudia mara tatu.

#24 Fundi Ng'apa

Kijana kapima hivyo kwa karatasi ya kikokotoo. Mimi kazini tuna mashine kubwa imefunikwa kitambaa tangu ifike.

#25 Mwl wa Shangani

Chupa zimefika, ya maji machungu kifuniko kimelegea kidogo na begi la kondakta limeteleza kama samaki, nimeomba radhi.

Maji ya bahari: mlima wa maji, halafu kijistari kidogo kwenye 981, kinaonekana baada ya dakika 10 za kamera. Hakuna bega ninaloweza kuliapia.

Maji machungu: kilele kimekua mara nyingi, kiko kwenye 982, na upande wa kulia umevimba. Mashine yangu haitenganishi vizuri mistari iliyo karibu hivyo, kwa hiyo nilipima kwanza salfeti ya sodiamu ya maabara ya shule kama kielelezo. Ile ina pande mbili sawa, kushoto na kulia. Nikaibandika juu ya ya mzee, nikatoa. Kilichobaki ni kilima kidogo, katikati yake 993 au 994.

Mzee, mvua zikianza, kabla hujafungulia mashamba, naomba chupa nyingine ya maji machungu yaliyokaa muda mrefu zaidi juani. Safari hii funga kifuniko na nailoni.